Intaloki kwenye gari la familia: maoni ya mke asiyekunywa

Maoni mengi kuhusu kifaa hiki yameandikwa na madereva waliokamatwa, na mengi yamejaa hasira. Mimi sijakamatwa, na pombe sinywi. Ila gari letu ni moja, Toyota Sienna iliyokula barabara vya kutosha, na tangu baba watoto ahukumiwe kwa kuendesha akiwa amelewa hapa Maryland, kila anayetaka kuliwasha gari hilo sharti apulize kwanza kwenye intaloki, kifaa kinachopima pombe kwenye pumzi. Aliyekosa ni mmoja, tunaopuliza ni wawili, na anayechelewa shule ni wa tatu. Nimekitumia kifaa kama yeye, pengine kumzidi, maana mimi ndiye ninayetoka usiku kwenda kazini na kurudi alfajiri.

Kwa mwenye haraka: kifaa chenyewe kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Duka lililotufungia ni zuri ukiwa umesimama mbele ya fundi, na ni la hovyo ukiwapigia simu. Bei inauma. Na katika safari yote hiyo, kuanzia kwa wakili hadi mahakamani, hakuna aliyetuambia kwamba gari la familia likifungwa intaloki, familia ndiyo inayofungwa. Mwenye gari la pili atasoma hapa aone mambo madogo. Sisi wa gari moja, tusomane.

Asiyekijua, kiko hivi. Ni kidude cha kushika mkononi chenye kipulizio cha plastiki juu yake na waya wa kujikunjakunja unaoingia chini ya dashibodi hadi kwenye nyaya za stata. Unafungua swichi, unasubiri kipate joto, kinakuambia upulize, unapuliza. Ndani yake kuna seli yenye platinamu. Alkoholi ikiigusa inazaa mkondo mdogo wa umeme, na kadiri alkoholi inavyozidi ndivyo mkondo unavyopanda. Ukiwa safi, stata inapata umeme na gari linawaka. Usipokuwa safi, hata uombe kwa lugha zote gari halitikisiki. Pembeni kuna kamera ndogo inayokupiga picha unapopuliza, ili mtu asimwite mtoto wa jirani ampulizie.

Kinachowashangaza watu ni kiwango. Maryland inakushtaki kwa kuendesha umelewa ukifika 0.08, yaani gramu 0.08 za alkoholi kwa mililita 100 za damu, na lipo kosa dogo zaidi linaloanzia 0.07. Intaloki haingoji huko. Ikisoma zaidi ya 0.025 inagoma, na hiyo ni chini ya theluthi ya ile 0.08. Kwa hiyo zile bia za jana usiku ambazo mtu akiamka anaapa kwamba zimekwisha mwilini, kifaa bado kinaziona. Baba watoto aligundua hilo Jumapili moja asubuhi tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Tulienda kwa basi.

Sheria yenyewe ya intaloki inaitwa Sheria ya Noah. Noah Leotta alikuwa polisi wa Montgomery County, kijana wa miaka 24, aliyegongwa na dereva mlevi Desemba 2015 akiwa kazini, tena kazi yenyewe ni ya kuwasaka madereva walevi. Sheria ilianza kutumika Oktoba 1, 2016. Ilikuwa na mwanya: hakimu akimweka mtu chini ya uangalizi bila kumwandikia hatia, mtu huyo aliweza kukiepuka kifaa. Mwanya huo ulizibwa kuanzia Oktoba 2024. Nalisema kwa sababu kwenye harambee na sherehe zetu za Wakenya huku bado utasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Tafuta wakili mzuri tu, ile mashine utairuka." Huo ni ushauri wa zamani. Wakili mzuri mtafute, lakini usimlipe kwa ahadi hiyo.

Sasa duka. Liko mashariki ya Baltimore, nyuma ya mahali pa kuuza matairi, na jina nitaliacha kwa sababu nina manung'uniko nalo. Siku ya kufunga, fundi aliyetupokea alikuwa dada mmoja wa hapahapa Baltimore, mpole, asiye na maneno mengi. Kwanza alikagua gari. Taa ya injini ilikuwa inawaka, akatuambia tukaitengeneze ndipo turudi, kwa sababu gari likiwa na matatizo ya umeme kila hitilafu itasingiziwa intaloki, na kila hitilafu ya intaloki itasingiziwa dereva. Niliudhika kidogo, lakini alikuwa na haki. Tuliporudi, kazi ilichukua kama saa mbili.

Halafu akafanya kitu ambacho kwangu peke yake kinastahili nyota mbili. Alimaliza kumfundisha baba watoto, akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na mkoba wangu mapajani, akaniuliza kama nami naendesha. Nikasema ndiyo. "Basi njoo ukae hapa kwenye usukani," akasema, "kwa sababu wewe ndiye utakayemharibia rekodi." Nilicheka. Baadaye nikaona hakuwa anatania.

Kifaa chetu hakitosheki na pumzi tupu. Kinataka upulize huku unaguna, mmmmm, sauti itoke kooni bila kukatika, hadi kiwe kimepata zaidi ya lita moja ya pumzi yako. Hiyo ni kinga dhidi ya wanaoleta puto na pampu. Mimi ni mwimbaji wa kwaya tangu Likoni, nikapata mara ya kwanza. Baba watoto, mwanamume wa miraba minne, alipuliza hadi jasho likamtoka, mara pumzi fupi mno, mara kali mno, mara hakusikika. Binti yetu wa darasa la pili alikuwa anamwongoza: "Guna, baba! Guna!" Hata leo kifaa kikilia tukiwa barabarani, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele huko nyuma.

Maana kinalia. Ukishawasha gari na kuondoka hujamaliza. Baada ya muda mfupi kinakudai tena, kisha kinaendelea kudai kwa nyakati zisizotabirika. Hiki chetu kinakupa dakika sita. Kuna uvumi kwamba usipopuliza kinazima injini katikati ya barabara kuu. Hakizimi. Kinachofanyika ni honi kupiga na taa kuwakawaka hadi usimame, na kosa kuandikwa kwenye kumbukumbu yake. Dakika sita zinatosha kutoka barabarani na kuegesha, na mimi huegesha kila mara, kwa sababu kuguna na kupita katikati ya malori kwenye barabara ya I-695 ni mambo mawili yasiyopatana. Lakini kuna sehemu moja huwezi kuegesha: foleni ya magari ya kushusha watoto shuleni. Huko nimepuliza mbele ya macho ya wazazi wote. Mwanzoni niliinamia usukani kama naokota kitu. Siku hizi napuliza nikiwa nimenyooka.

Sasa mambo ya nyumbani kwetu, ambayo kwenye kijitabu chao cha maelekezo hayamo.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Kazi yetu ni sanitaiza mwanzo mwisho: unaingia chumbani unapaka, unatoka unapaka. Asubuhi moja nilipaka ya mwisho mlangoni, nikaingia garini mikono ikiwa bado na ubaridi wake, nikashika kifaa, nikapuliza. Kikakataa. Mimi! Mtu ambaye hata divai ya ushirika kanisani kwetu ni juisi ya zabibu. Mvuke wa alkoholi ulikuwa unatoka viganjani na kuingia moja kwa moja kwenye pumzi niliyokuwa napuliza. Kifaa kikanifungia kwa dakika chache, nikashuka, nikatembea kwenye baridi nikipunga mikono, nikarudi, nikapuliza, ikasoma sufuri. Lakini lile la kwanza lilikuwa limekwisha kuandikwa, na halikuandikwa kwa jina langu. Liliandikwa kwenye faili ya baba watoto.

Hapo ndipo unapoelewa umuhimu wa kupuliza tena mapema. Alkoholi ya mdomoni au ya mikononi hupotea baada ya muda mfupi. Ya damuni haipotei kwa robo saa. Kumbukumbu ikionyesha kukataliwa kisha sufuri muda mfupi baadaye, na picha ya mama mwenye sare ya kazi, mtu mwenye akili ataelewa. Ukikasirika ukaliacha gari ukaenda kulala, hakuna cha kuelewa, kuna kukataliwa tu. Siku hizi nikitoka zamu nanawa kwa maji na sabuni, na sanitaiza ya mlangoni naipita.

Ya pili ni mahamri. Jumamosi huwa nakanda mahamri ya iliki kwa hamira, unga unaumuka usiku kucha, asubuhi tunakula na mbaazi za nazi. Baba watoto alikula akatoka mbio kwenda kazini mdomo bado umejaa, akapuliza, namba ikaonekana. Ndogo, chini ya kiwango, gari likawaka, lakini namba ipo na moyo ukamruka. Vyakula vilivyoumuliwa kwa hamira vikiwa bado mdomoni vinaweza kufanya hivyo. Dawa yake ni maji: sukutua, ngoja robo saa, puliza. Dawa za kusukutua mdomo ndizo hatari kabisa. Listerine ile ya kale ina alkoholi karibu asilimia 27, na chupa yetu nilimpa jirani. Dawa za kikohozi za maji nazo soma karatasi yake kwanza.

Ya tatu ni baridi. Januari kifaa kilicholala nje kinachukua muda mrefu kupata joto, na wewe umekaa ndani ya gari la barafu unakitazama. Fundi alituonyesha kwamba kile cha kushika mkononi kinachomoka kwenye waya wake. Tunakiingiza ndani jioni, kinalala mezani karibu na redio. Ya nne ni betri: intaloki inakula umeme hata gari likiwa limezimwa, na betri ya zamani haitakuvumilia. Tulinunua mpya. Kabla ya kuibadilisha tulipiga simu dukani, kwa sababu ukichomoa betri kifaa kinaandika kwamba kimekatiwa umeme, na kukatiwa umeme kunafanana na mtu anayejaribu kukichezea. Risiti ya fundi wa magari tunayo kwenye bahasha garini hadi leo.

Kila mwezi lazima gari lirudishwe dukani. Wanakisawazisha ili kipime sawasawa, wanazitoa kumbukumbu zote, na taarifa inakwenda MVA, ile ofisi ya leseni. Ukikosa miadi kinaanza kukuhesabia siku, kisha kinafunga kabisa, na hapo ni kuita bredauni. Huduma yenyewe dukani ni nusu saa. Jumamosi asubuhi fundi yule dada huwepo, na ukimwomba anakuonyesha taarifa mstari kwa mstari: huyu ni wewe, hapa ni mumeo, hapa pumzi yako ilikatika. Ndiye aliyenitafutia ule mstari wa sanitaiza na kuandika maelezo pembeni yake.

Simu yao, hapana. Asubuhi moja kifaa kilifunga nikiwa kwenye maegesho ya kazini, sijui kwa nini, kinaonyesha tu niwasiliane na huduma. Nikapiga. Nikasikiliza muziki wao hadi nikaujua. Alipopokea mtu, akaniambia hawezi kuzungumza nami kwa sababu mteja ni mume wangu. Nikamweleza kwamba mume wangu yuko ghalani, simu zao zinafungiwa kwenye makabati hadi mapumziko, na mimi ndiye niliyekaa ndani ya gari. Anasikitika, anasema, lakini mteja ni mume wangu. Yaani kupuliza kwangu kunahesabika, picha yangu inahesabika, pesa yangu inahesabika, ila sauti yangu kwenye simu haihesabiki. Nilingoja mapumziko ya baba watoto. Baadaye yule fundi akaniambia ipo fomu ya kumwongeza mtu anayeruhusiwa kuzungumza nao, ya kujaza dakika mbili. Ijazeni siku ileile ya kufunga, hata wasipoitaja, maana hawataitaja.

Kijitabu chao kipo kwa Kiingereza na Kihispania, basi. Siku moja nilimkuta pale kwenye viti mzee wa Kikongo na binti yake wa sekondari, binti anasoma karatasi za mahakama huku uso umemwiva kwa aibu. Akinisikia nikizungumza na baba watoto kwenye simu, mzee akageuka: "Dada, njo unisaidie. Hii mashini iko inasema nini?" Nikamwambia, "Papa, inasema unapuliza kwa haraka mno. Vuta pumzi, anza polepole, guna mpaka ikuambie basi." Akaguna pale pale kitini, bila kifaa, watu wakageuka. Akauliza tena, na hili ndilo lililokuwa linamsumbua, kama mke wake akiliendesha gari kwenda sokoni naye atakuwa ameingia kwenye kesi. Nikamweleza kwamba mama hana kesi yoyote, ila lazima apulize kama yeye, na akikosea ni papa atakayeulizwa. Akatikisa kichwa. "Basi nitamufundisha mwenyewe." Kampuni inayofanya kazi Baltimore, mji wenye Wakongo na Wakenya wote hawa, haishindwi kulipia ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Bei. Sisi tunalipa dola 85 kwa mwezi, ukiacha ada ya kufunga na ada ya kufungua, na bima ya gari nayo ilipanda kwa sababu ya kesi. Kwa mshahara wa ghalani na wa nyumba ya wazee hiyo si pesa ya kuchezea. Mwenye kipato kidogo aulize kuhusu msamaha wa ada kabla hajaweka sahihi. Nyota moja naitoa hapa, na siirudishi.

Wa nyumbani Kenya wananiuliza hii si ni alkoblo tu? Alkoblo mnaijua, kile kipima pumzi cha polisi, ilirudi barabarani Desemba 2013, kiwango mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, na haikuchukua muda watu wakaanza kutumiana ujumbe wa kuambiana polisi wamesimama wapi, mwingine akibadilishana kiti na mkewe mita chache kabla ya kizuizi. Hapa kizuizi kiko chini ya usukani. Hakina chai, hakina binamu yake unayemjua, na hakimalizi zamu. Kwa hilo nakisifu bila kinyongo. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, nimeficha funguo, nimegombana naye mlangoni usiku wa manane, watoto wanasikia. Tangu kifaa kije sijaficha funguo hata mara moja. Akitaka kujaribu, ajaribu. Wakagombane yeye na hicho.

Wataalamu wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani, wanasema gari likiwa na intaloki kukamatwa tena kwa kosa hilohilo hupungua kwa karibu asilimia 70. Sehemu ambayo watu hawapendi kuisoma ni kwamba kikishaondolewa, faida hiyo kwa kiasi kikubwa inaondoka nacho. Kwa hiyo nimeuliza dukani kama mtu anaweza kukiacha kwa hiari baada ya muda wake kwisha. Wanasema inawezekana, bei ileile. Baba watoto hataki hata kulisikia, anasema atakuwa amemaliza deni lake. Mimi nimemwambia deni la mahakama ndilo litakalokuwa limekwisha. Hapo tulipofikia, kasisi ameingizwa, na dada yake wa Voi naye anapiga simu kila Jumapili kutoa hoja za upande wake.

Hata mkiamua kukiondoa, msikimbilie dukani siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi. Miezi mitatu ya mwisho lazima iwe safi, na MVA ndiyo inayosema muda umekwisha. Duka halina mamlaka hayo, hata kama kijana wa kaunta ataonekana kuwa na uhakika. Pateni barua kwanza, fanyeni nakala, ndipo waya zichomolewe. Na katika miezi hiyo mitatu, mwenye kazi kama yangu anawe kwa maji na sabuni, mahamri yaliwe mapema, na asiyejua kuguna asipewe funguo.